Upondo wa Mjomba na Nchi Inayotoka Majini

Upondo wa mjomba ulikuwa na alama tatu alizozichonga kwa kisu. Nilipokuwa na miaka tisa, alama ya kwanza ilinifika gotini, ya pili kifuani, na ya tatu ilinipita kichwa. Kila tulipotoka mwalo wa Ntoroko, kwenye Ziwa Albert nchini Uganda, na kuelekea magharibi, kwenye mlango wa mto Semliki, yeye alisimama akisukuma mtumbwi nami nilichutama karibu naye. Kazi yangu ilikuwa moja. Akiutoa upondo majini, napangusa ncha yake kwa vidole na kumwambia kilichonaswa: mchanga au tope. Nikisema tope, anaendelea. Nikisema mchanga, ananyamaza kidogo, anatazama rangi ya maji, kisha anageuza mtumbwi.

Mama yangu alikuwa mchuuzi wa samaki. Wavuvi waliopiga kambi kwenye mafunjo karibu na mlango wa mto walimuuzia ngege na kambale, na mara mojamoja sangara mkubwa aliyehitaji watu wawili kumbeba. Mjomba, kaka yake mkubwa, alikuwa amekulia ng'ambo, Kasenyi upande wa Kongo, na Kiswahili chake hakikuwahi kuvuka ziwa kuja kwetu. Siku moja upondo uligonga mchanga mahali ambapo msimu uliotangulia alama ya tatu ilikuwa imezama. Akacheka, akanitazama. "Mwana," akasema, "hii mto haikwendi mu ziwa bure. Iko najenga."

Nilidhani ni methali. Wazee wa mwaloni walipenda kusema kwa mafumbo, na mtoto alizoea kuitikia bila kuelewa. Imepita zaidi ya miaka 30 ndipo nimejua kwamba mjomba hakusema fumbo lolote. Alikuwa akinieleza kazi ya mto kama ilivyo.

Shuleni nilifundishwa delta kwa pembetatu. Mwalimu alichora ramani ya Misri ubaoni, akauleta Nile kutoka chini, akaugawanya matawi mawili, akafunga umbo kwa mstari wa bahari. Tukaambiwa jina linatokana na herufi ya Kigiriki yenye umbo hilo. Tukanakili, tukajibu mtihani, tukafaulu. Hakuna aliyetuambia kwamba delta nyingine ilikuwa pale pale, mwendo wa asubuhi moja kwa mtumbwi, na kwamba baadhi yetu tulikuwa na tope lake kwenye kucha.

Sasa mimi ndiye ninayefundisha jiografia, huko Fort Portal. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Uganda, wanafunzi wamezidi kuniuliza maneno. Mwalimu, delta kwa Kiswahili ni nini? Nawajibu kwamba delta ni delta, lakini kila kitu kilichoizunguka kina jina. Mchanga na tope linalobebwa na maji ni mashapo. Tuta la mchanga linaloinuka majini ni fungu, na manahodha wa pwani wamekuwa wakilikwepa kwa jina hilo hilo tangu zamani. Ncha ya nchi inayoingia majini ni rasi. Wakishayajua maneno hayo, somo huwa jepesi zaidi.

Mto hubeba kwa sababu unakimbia. Nguvu zote za kubeba zimo katika mwendo wake. Semliki unatoka Ziwa Edward pale Ishango, upande wa Kongo, mita 912 juu ya usawa wa bahari, nao unaishia Ziwa Albert kwenye mita 620 hivi. Njiani unapita magharibi ya Rwenzori, safu ya milima ambayo kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Mvua ya milimani humwaga udongo na mawe kwenye vijito, vijito humwaga Lamia na mito mingine, nayo humwaga Semliki. Aliyekuwa Bundibugyo, chini ya milima hiyo, Desemba 2019, miteremko ilipoporomoka usiku na kuua watu, hahitaji kuambiwa udongo hutoka wapi. Ule uliofunika nyumba haukukaa wote pale. Sehemu yake ilisombwa na maji, na iliyosombwa lazima ifike mahali.

Mahali hapo ni ziwani. Mto unaingia kwenye maji yaliyotulia, mapana kuliko wenyewe, na mkondo uliokuwa umebanwa na kingo mbili unatawanyika kama watu wanaotoka msikitini. Unapotawanyika unapungua kasi, na unapopungua kasi unatua mzigo. Hautui wote mara moja. Fikiria hamali wa mwaloni aliyebeba gunia la chumvi begani, kapu mkononi na barua mfukoni. Akianza kuishiwa nguvu atalitua gunia kwanza. Kapu atalisogeza hatua kadhaa zaidi. Barua ataenda nayo mpaka mwisho. Mto nao huangusha changarawe na mchanga mzito pale pale mlangoni. Mchanga laini husogea mbele kidogo. Tope jembamba huelea mbali kabisa kabla ya kuzama.

Ndiyo maana mjomba aliuliza mchanga au tope. Mchanga kwenye ncha ya upondo ulimwambia kwamba yuko pale mto unapofia, na kwamba fungu linajengwa chini yake, pengine limekwisha kuinuka mbele kidogo. Tope lilimwambia kwamba yuko kwenye maji ya kulala, mbali na ujenzi. Hakujua neno mashapo. Alijua mtumbwi uliojaa samaki ukikwama kwenye fungu saa nane mchana, samaki wataoza.

Fungu hilo la kwanza linaamua mengi. Linakaa katikati ya mlango, na mto uliolijenga sasa umezuiwa nalo. Unalizunguka kwa pande mbili, mkono mmoja unakuwa mikono miwili. Kila mkono unafika kwenye maji yaliyotulia, unajenga fungu lake, unagawanyika tena. Ukitazama picha ya setilaiti ya delta yoyote inayokua, utaona vidole, na kwenye ncha za vidole vidole vingine. Wakati wa mafuriko maji hufurika kando ya kila mkono na kuacha mchanga ukingoni kwanza, kwa sababu hapo ndipo yanapopoteza kasi. Hivyo mto hujijengea kingo zake mwenyewe ndani ya ziwa, kama mtu anayejenga daraja huku akitembea juu yake.

Kwa wanafunzi wangu huwa nasema kuhusu barabara. Sisi Uganda tumeona mara nyingi jinsi barabara inavyovushwa kinamasi. Lori linakuja na kifusi, linarudi nyuma hadi mwisho wa tuta, linamwaga. Kifusi kinateleza kwenye mteremko na kutulia. Lori linalofuata linapita juu ya kilichomwagwa, linamwaga mbele yake. Barabara inasonga kinamasini, lakini hakuna udongo uliosogea kutoka chini ya tuta. Uliosogea ni ukingo peke yake. Delta hukua hivyo hivyo. Mmarekani Grove Karl Gilbert, aliyechunguza ziwa kubwa la kale lililokauka huko Utah miaka ya 1880, alizikuta delta zimeachwa wazi, zikisomeka kwa tabaka: chini tope laini lililolala, katikati tabaka za mchanga na changarawe zilizoinama kama mteremko wa kifusi, na juu tabaka tambarare ambamo mto ulikuwa ukipita. Ukichimba kisima kwenye nchi kama hiyo unateremka katika historia yake, kutoka ilipokuwa nchi, hadi ilipokuwa mteremko, hadi ilipokuwa kilindi.

Wengine huuliza kama ziwa ni sawa na bahari. Kwa umbo la jumla, ndiyo. Kwa tope, hapana. Nyumbani mama alikuwa na kipande cha shabu kwenye kitambaa. Maji ya ziwa yakija na tope, alikizungusha ndani ya mtungi mara kadhaa, akauacha. Baada ya muda tope lilikuwa limeshikana vipande vipande na kukaa chini, na juu maji meupe. Chembe za tope husukumana, kila moja ikiikimbia nyenzake, ndiyo maana huelea muda mrefu. Shabu huondoa msukumano huo, zikashikana, zikazama. Chumvi ya bahari hufanya kazi ya namna hiyo hiyo. Mto unaoingia baharini hukutana na mtungi uliokwisha kutiwa shabu, na tope lake jingi hushikana na kuanguka karibu na mlango. Mto unaoingia ziwani haupati msaada huo.

Kuna na tofauti ya uzito. Maji ya bahari ni mazito kwa chumvi, hivyo maji ya mto huteleza juu yake na kwenda mbali yakionekana, rangi ya chai ya maziwa juu ya buluu. Ziwani huwa kinyume mara nyingi: maji ya mto yaliyojaa tope ni mazito kuliko ya ziwa, kwa hiyo huzama na kutambaa chini. Mswisi François-Alphonse Forel aliandika habari hiyo karne ya 19, baada ya kutambua kwamba mto Rhône unapoingia Ziwa Geneva umejichimbia mfereji chini ya maji, wenye kingo zake, kana kwamba haukujua umeingia ziwani. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilikumbuka mstari uliokuwa mbele ya mlango wa Semliki, mahali ambapo maji ya kahawia yalikoma ghafla na takataka za matete zikazunguka bila kuondoka. Mjomba aliuita mstari huo kizingiti cha mto.

Halafu yapo mafunjo. Mchanga peke yake hauwezi kuishika nchi mpya. Wimbi moja la usiku likija na upepo wa kaskazini hulisawazisha fungu lote. Lakini fungu likikaa karibu na uso wa maji kwa msimu mmoja, matete na mafunjo huingia. Mashina yake hupunguza mwendo wa maji zaidi, tope ambalo lingepita hunaswa, na majani yanayooza huongeza udongo juu ya udongo. Huko ndani huishi yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu cha mbao, anayewaleta watalii kutoka nchi za mbali. Husimama saa nzima bila kutikisika akimsubiri kamongo. Watu humsafiria yeye. Sijawahi kuwasikia wakiuliza kuhusu ardhi anayoikanyaga, ingawa ni changa kuliko mitumbwi mingine iliyowaleta.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hunishika zaidi kila ninapolifundisha.

Mto unapojenga mbele unajirefusha. Mlango uliokuwa hapa sasa uko kule. Lakini kimo cha kuteremka hakikuongezeka. Mteremko ule ule umetandazwa juu ya njia ndefu zaidi, kwa hiyo mto unapungua kasi, siyo mlangoni tu, bali hata nyuma yake. Unaanza kutua mzigo ndani ya njia yake mwenyewe. Sakafu ya mto inainuka, kingo zinainuka pamoja nayo, mpaka mto unapita juu kuliko uwanda ulio kando. Hapo unasubiri mafuriko makubwa tu. Yakija, ukingo unapasuka mahali fulani, maji yanaona njia fupi na yenye mteremko kuelekea ziwani, nayo yanaifuata. Mlango wa zamani unabaki bila mto. Kazi yote ya miaka mingi inasimama. Tope lililokuwa limejaa maji linashindiliwa na uzito wake na kudidimia, mawimbi yanaanza kulila, na upande mwingine ujenzi unaanza upya.

Mto Mississippi umefanya hivyo mara kadhaa katika miaka 7,000 iliyopita, ukijenga pande hii, ukahama, ukajenga pande ile. Katika karne ya 20 ulikuwa ukielekea kuhamia mkono wake wa magharibi, Atchafalaya, ambao njia yake ya kwenda baharini ni fupi zaidi. Wamarekani waliuzuia kwa malango makubwa yaliyoanza kazi mwaka 1963. Karibu na hapo kuna mahali ninapopapenda zaidi katika habari zote za delta: Wax Lake. Mwaka 1941 ulichimbwa mfereji wa kupunguza mafuriko. Mashapo yakapita humo, yakajaza maji ya kina kifupi kimyakimya miaka 30, mtu asione kitu. Mafuriko ya mwaka 1973 yalipopungua, visiwa vilikuwa vimetokeza. Leo ni delta kamili yenye vidole vyake, na hakuna aliyekusudia kuijenga.

Miaka 30 chini ya maji. Huwa nawaambia wanafunzi waandike sentensi hiyo kwa wino.

Kwetu mabadiliko kama hayo yana uchungu wake, kwa sababu Semliki ya chini ndiyo mpaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakoloni waliuchukua mto kama mstari kati ya Uganda na Kongo, kana kwamba mto ni ukuta. Mto ukila ukingo huu na kuacha mchanga ukingo ule, mfugaji aliyelala Uganda anaamka malisho yake yako ng'ambo ya maji. Upande wetu ng'ombe wengi hushuka kunywa, kwato huvunja kingo, nyasi huisha, na udongo usio na mizizi huenda na maji. Nasema hili nikijua ninawagusa ndugu na jirani zangu. Udongo huo tunaoupoteza kwa vipande huko juu ndio unaofika mlangoni kuwa fungu, na fungu halina mwenyewe.

Kwa muda mrefu niliamini pia kwamba tope letu huenda Misri. Nadhani Waganda wengi tunaamini hivyo: Nile unatoka kwetu, Misri inalimwa kwa udongo wa Nile, basi wanalima udongo wetu. Maji yetu yanakwenda, kweli. Udongo hapana. Tope lililojenga delta ya Misri lilitoka kwa sehemu kubwa kabisa katika nyanda za juu za Ethiopia, likiletwa na Nile ya Buluu na Atbara. Nile ya kwetu hutua mzigo mapema. Ziwa Victoria huuchuja, Kyoga huuchuja tena, Albert mara ya tatu, na kilichobaki hukwama kwenye vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini. Semliki nao, pamoja na kazi yote ya Rwenzori, humaliza mzigo wake Ntoroko. Nilipolielewa hilo nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba mahari aliyodhani imelipwa mbali bado iko nyumbani. Milima yetu inajenga nchi yetu wenyewe.

Na Misri, delta iliyochorwa ubaoni kwangu haikui tena. Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970, na tangu hapo mashapo hutua nyuma ya ukuta wake. Bahari haikuacha kula. Pale Rashid, kwenye mkono wa magharibi, ufuko umerudi nyuma makumi ya mita kwa mwaka katika miaka mibaya, na kuta za mawe zimejengwa kuuzuia. Delta ni hesabu ya mapato na matumizi. Kila mwaka mto unaleta, kila mwaka mawimbi yanachukua na ardhi inadidimia. Mapato yakikatwa, matumizi hayakatwi. Ndugu zetu wa pwani wana delta mbili za kuangalia kwa jicho hilo: Tana ya Kenya, yenye mabwawa tangu zamani, na Rufiji ya Tanzania, yenye mikoko mingi kuliko mahali pengine Afrika Mashariki, ambayo bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022.

Ukienda ncha ya kaskazini ya Ziwa Albert unakuta jambo la pili la kushangaza. Nile yenyewe, ile kubwa, baada ya kupita kwenye mwanya wa mita saba hivi pale maporomoko ya Murchison kwa kishindo cha kutisha, inaingia ziwani kwa unyonge kabisa, kati ya mafunjo. Eneo hilo limo katika orodha ya ardhi oevu za mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2006. Mwingereza Samuel Baker alifika hapo mwaka 1864, kwa mtumbwi, akitafuta mahali mto unapoingia. Alionyeshwa mahali paitwapo Magungo, akaona maji mapana yasiyo na mkondo, yamezungukwa na matete, na akashindwa kuamini kwamba huo ndio mto mkubwa aliouacha juu ukikimbia. Ilibidi apande nao hadi aone mkondo, kisha maporomoko. Wenyeji waliomwongoza walikuwa wakisema kweli tangu mwanzo. Hivyo ndivyo mlango wa mto ulivyo: mto haufi pale kwa kelele.

Na chini ya haya yote zipo delta nyingine. Bonde la ufa linadidimia, mito inalijaza, na kazi hiyo imeendelea mamilioni ya miaka. Chini ya ziwa na kando yake mashapo yana unene wa kilomita kadhaa. Mafuta yaliyotangazwa mwaka 2006, yanayofanya malori yapite Hoima na Buliisa, yamekaa ndani ya michanga ya kale ambayo mingi iliachwa na mito na milango yake. Mtu anayechimba pale anachimba kwenye mafungu ambayo upondo wa mtu haukuwahi kuyagusa.

Nirudi kwa mama. Mwaka fulani wa ukame alinunua kiwanja kule chini, karibu na mwalo, apate pa kuanikia samaki. Aliyemuuzia alikipima kwa hatua kuanzia kwenye nyasi hadi majini, na kila hatua alilipwa. Hakuna aliyeuliza maji yalikuwa wapi mwaka mwingine. Niliona karatasi ya mauzo baadaye: mpaka wa mashariki mti, mpaka wa magharibi njia, mpaka wa kaskazini "ziwa". Kana kwamba ziwa ni jirani asiyehama.

Delta ina njia mbili za kusonga mbele. Mto ukileta, inasonga. Ziwa likishuka, inasonga pia, bila hata chembe moja mpya. Mto Omo, unaoingia Ziwa Turkana kutoka Ethiopia, ulitandaza delta yake sana baada ya miaka ya 1970 kwa sababu zote mbili pamoja: mashapo yalikuja na maji yakapungua. Wazee wa kwetu walioona mvua za 1961 hadi 1964 walijua njia ya kinyume pia ipo. Sisi tulisahau. Mvua za mwishoni mwa 2019 zilipokuja, maziwa yote yalipanda. Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja Mei 2020, na maji hayo ndiyo yanayokuja kwetu kupitia Nile, juu ya yale ambayo Semliki inaleta. Ntoroko ikaingia majini. Nyumba, maduka, vyoo, vichanja vya samaki. Familia zilihama na magodoro kichwani, na wengine walikaa miaka wakisubiri maji yarudi.

Kichanja cha mama kilizama chote isipokuwa nguzo nne. Alikuwa na miaka 71. Nilipomfuata na pikipiki alikuwa ameketi kwa shangazi, kanga begani, na hakulia. Alinionyesha nguzo zile kwa kidole. "Mwanangu," alisema, "nilinunua maji." Sentensi hiyo bado inaniuma, kwa sababu mimi ni mwalimu wa jiografia na sikuwahi kumwambia. Nilikuwa nimefundisha delta kwa mamia ya watoto, nikawachorea Misri, na mama yangu alikuwa amelipa fedha za samaki wa miaka sita kwa kipande cha ufuko.

Kwa hiyo tangu wakati huo nafundisha kwa namna nyingine. Nawapeleka wanafunzi Ntoroko wakati barabara inaruhusu. Tunakodi boti, wanazamisha ufito, wanapangusa ncha, wanaandika daftarini: mchanga, tope, mchanga. Nawauliza wangejenga wapi. Nawauliza wangechora mpaka wapi. Wengi hunyamaza muda mrefu kabla ya kujibu, na mimi hufurahi wakinyamaza.

Mwezi Januari nilikwenda peke yangu na mtoto wa mjomba. Mkono wa mto tuliokuwa tukipita utotoni umezibwa na mafunjo. Ukiwa hukuwahi kupita hapo hutajua. Maji sasa yanatokea upande mwingine. Tulifika kwenye mlango huo mpya, nikazamisha upondo ule ule wa zamani, ambao mjomba alinipa macho yake yalipoanza kufifia. Niliokota kilichonaswa, nikakitia kwenye mfuko wa plastiki, nikamletea.

Alikuwa ameketi kibarazani. Nilimwamkia, nikamwekea mfuko mkononi. Akaufungua, akasugua kidogo kati ya dole gumba na kidole cha pili, polepole, uso ameugeuzia ziwa asiloliona.

"Mchanga," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Si ya mlango ya zamani."

"Hapana. Ya mpya."

"Alama ya ngapi?"

"Ya kwanza."

Akasugua tena, akaikung'uta mikono.

"Basi hapo matete itaota," akasema, na akaniuliza kama nimekula.